Kutoka Arlanda hadi Unguja: jinsi ya kupanga likizo ya kisiwani ukiishi Stockholm

Wengi wetu tunaoishi huku Skandinavia huanza safari ya Zanzibar kwa kuwinda tiketi. Usiku wa Januari, nje theluji, simu mkononi, bei inatokea nzuri ajabu ya mwezi wa tano, mtu analipa hapohapo. Kesho yake ndipo anauliza hali ya hewa. Tiketi ilikuwa rahisi kwa sababu ni masika: baadhi ya hoteli zimefunga kwa matengenezo, na njia za kuingilia vijijini zimejaa madimbwi.

Mwongozo huu unakwenda kwa mpangilio mwingine. Kalenda kwanza, pwani ya pili, ndugu wa tatu, na ndege baada ya hapo. Nimemfikiria mtu anayeishi Stockholm, mwenye watoto wanaosoma, na mwenye jamaa Dar es Salaam au Unguja kwenyewe ambao wakisikia amefika watataka kumwona. Ukiwa Oslo, Helsinki au Hamburg, badilisha tarehe za shule na jina la uwanja wa ndege, mengine yanabaki yaleyale.

Hatua ya 1: Kalenda tatu mezani

Anza na ya shule, maana hiyo haina mjadala. Wanafunzi wa Stockholm wana sportlov (mapumziko ya majira ya baridi) wiki ya 9 ya mwaka, mapumziko ya Pasaka, kiangazi kuanzia katikati ya Juni hadi katikati ya Agosti, höstlov (mapumziko ya mwisho wa Oktoba) wiki ya 44, na Krismasi. Nje ya hapo unahitaji ruhusa ya mkuu wa shule, na siku hizi hawaitoi kirahisi. Usikate tiketi kabla ya kuipata kwa maandishi.

Ya pili ni kalenda ya upepo. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi: jua kali, joto linapita nyuzi 30, bahari ya uvuguvugu. Masika huanza katikati ya Machi na kuendelea mpaka Mei. Kusi hushika Juni hadi Septemba, hewa kavu na baridi kidogo kwa wenyeji, ambayo kwa mtu wa Stockholm ni kiangazi kizuri tu. Vuli huja Oktoba hadi Desemba, Novemba ndiyo hasa, lakini mvua zake hunyesha na kukatika, jua likarudi.

Ukizilinganisha kalenda hizi mbili, majibu yanajitokeza yenyewe. Wiki ya 9 ni nzuri mno: joto limekomaa na masika bado. Krismasi ni nzuri pia lakini bei ya vyumba na ndege iko juu kuliko wakati wowote. Kiangazi kinafaa wenye likizo ndefu, na ukiwa kisiwani Julai unaweza kuwahi Mwaka Kogwa kule Makunduchi. Wiki ya 44 inaangukia tangambili, pepo zinabadilishana na bahari mara nyingi imetulia, kwa hiyo wapenda kuzamia huipenda. Pasaka iache: mara nyingi iko ndani ya masika. Kama unakwenda kuona wazazi, nenda. Kama unatafuta ufuo, subiri.

Kalenda ya tatu ni ya mwezi mwandamo, na hii ndiyo wasafiri wa Ulaya wasiyoijua kabisa. Ina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni Ramadhani, ambayo husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na Februari 8 na Idi kuangukia Machi 9 au 10, kutegemea mwandamo. Maana yake sportlov ya mwaka huo, Machi 1 hadi 7, imo ndani ya kumi la mwisho. Si kikwazo, ila ujue unachokiendea. Mchana migahawa mingi ya mjini imefungwa, na kula au kunywa barabarani hakupendezi. Hoteli za pwani zinapika kama kawaida. Jioni mji unaamka, vyakula vya kufuturu vimejaa mitaani, na ukialikwa futari nyumbani kwa watu huo ndio mlo bora wa safari nzima. Mwaka 2028 mambo ni tofauti: Idi inatarajiwa siku moja mbili tu kabla ya wiki ya 9.

Kazi ya pili ya mwezi ni maji. Hiyo inahitaji hatua yake.

Hatua ya 2: Chagua pwani kwa maji, si kwa picha

Picha zote za Zanzibar hupigwa maji yamejaa. Mgeni anafika Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, saa nne asubuhi, anafungua mlango wa chumba akiwa na taulo begani, na bahari haipo. Kuna mchanga mweupe uliolowa, vidimbwi, na mbali kabisa mstari mweupe wa mawimbi yanayopiga mwamba. Kati yake na ule mstari wamo akina mama wameinama, wanafunga mwani kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vijiti. Kilimo hicho kilianza pwani hii mwaka 1989, na wanawake ndio wenye kazi hiyo kwa sehemu kubwa. Mgeni anadhani ametapeliwa. Hajatapeliwa, amefika siku ya bamvua.

Hesabu ni hii. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti ya karibu mita nne. Ukifuata tarehe za Kiislamu, ni kuanzia 29 hadi 3, na 14 hadi 17. Katikati yake, tarehe 7 hadi 9 na 22 hadi 24 hivi, ni maji mafu, yanapanda na kushuka kidogo tu. Kwa Unguja, siku za bamvua maji hukauka mnamo saa nne au saa tano asubuhi na kujaa saa kumi au kumi na moja jioni. Siku za maji mafu mpango unageuka, yanajaa kabla ya adhuhuri. Kila siku saa husogea mbele kama dakika 50.

Sasa itumie hesabu hiyo. Mwenye watoto wadogo wanaotaka kuoga asubuhi kabla ya jua kuwa kali atafute siku za maji mafu, au aende Nungwi na Kendwa upande wa kaskazini, ambako unaogelea karibu saa zote. Huko lakini kuna watu wengi, muziki, na vijana wanaokufuata ufuoni na safari za kuuza. Karibu na mwezi mpevu pale Kendwa hupigwa dansi mpaka alfajiri, basi wenye vichanga waangalie kalenda kwa sababu hiyo pia.

Paje, Bwejuu na Jambiani, upande wa mashariki, ni kwa mtu anayependa kutembea. Bamvua ikitoka unaweza kwenda kwa miguu hadi karibu na mwamba, ukaone viti vya pwani (viumbe wenye umbo la nyota), kaa, na pweza kama una macho. Vaa viatu vya maji. Vile viumbe vyeusi vyenye miiba mirefu vimejificha kwenye mawe, na mwiba ukiingia unyayoni siku mbili za likizo zimekwisha. Tena usipite juu ya mashamba ya mwani, yana wenyewe. Paje ndiyo ya wanaocheza na vishada vya baharini (kitesurfing), upepo wa kusi na wa kaskazi wote unawafaa. Asiyejua mchezo huo ataona kero kwa kamba zinazopita juu ya kichwa. Mimi ningempa mwenye familia Jambiani, kwa sababu kijiji bado ni kijiji: watoto wako watacheza mpira na watoto wa pale saa kumi jioni, na Kiswahili chao kitaamka bila kulazimishwa.

Matemwe ni tulivu na iko karibu na kisiwa kidogo cha Mnemba kwa wanaotaka kutazama samaki kwenye matumbawe. Kizimkazi wanakupeleka kuona pomboo. Nenda na nahodha anayezima mashine na kusubiri. Boti kumi zikimkimbiza mnyama mmoja si burudani.

Visiwa vingine? Pemba ina vilima, mikarafuu na hoteli chache, yafaa kwa aliyekwisha kuiona Unguja. Mafia, kuanzia Oktoba hadi Februari, ndiko kwa papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani na asiye na madhara kwa mtu. Mkenya anayetaka kukaa upande wake ana Lamu.

Hatua ya 3: Siku za ndugu na siku za likizo zisichanganywe

Hapa ndipo mipango yetu inapotofautiana na ya Mswidi. Yeye akitua anakwenda hotelini. Wewe ukitua kuna shangazi ameshachinja kuku.

Gawa siku kabla ya kukata tiketi, na uwaambie watu mapema. Kwa safari ya siku 14 mpangilio unaofanya kazi ni huu: ndugu kwanza, siku nne au tano, pwani katikati, bila mgeni, siku moja ya mwisho ya kuaga na kufunga mizigo. Ukianza na pwani kimyakimya ukitumai hawatajua umefika, watajua. Kuna mtu atakuona kwenye boti. Ukiacha ndugu wote mwishoni, unarudi Stockholm umechoka kuliko ulivyoondoka.

Na pesa ya ndugu iwe na mfuko wake. Andika kiasi, kibadilishe, kikae mbali na pesa ya hoteli. Anayekuja na ada ya mtoto au bati la nyumba anapewa kutoka humo, na mfuko ukiisha jibu lako ni la kweli: "Mjomba, nilichokuja nacho nimeshakigawa, tuzungumze nikirudi." Anayewaza kuwapeleka ndugu wote pwani awaalike siku moja, Jumapili, kwa basi la kukodi na chakula cha kujipikia. Kumbukumbu ni ileile, gharama ni robo.

Kama mwenzako ni mtu wa Ulaya, mweleze mgawanyo huu kabla. Asiyejua kwamba kumtembelea bibi ni siku nzima atakaa anatazama saa.

Hatua ya 4: Tiketi, miezi sita hadi nane kabla

Kutoka Arlanda, uwanja wa ndege wa Stockholm, hakuna haja ya kubadili ndege zaidi ya mara moja. Shirika la Ethiopia linapitia Addis Ababa, la Uturuki Istanbul, la Qatar Doha, KLM Amsterdam. Kagua saa ya kutua kabla ya bei. Ndege zinazotua Unguja usiku wa manane zinakulipisha usiku mmoja wa hoteli ambao hukuulala. Wanaofika mchana wanafika ufuoni kabla ya magharibi.

Akifikia Dar kwa ndugu, mtu avuke kwa boti ya kasi, takriban saa mbili. Kusi likivuma sana boti inayumba; kaa nyuma, karibu na katikati, na wanaougua bahari wameze kidonge mapema. Beba pasipoti hata kama unatoka Dar, maana Unguja wanakagua. Ndege ndogo za kwenda Pemba na Mafia huruhusu mzigo mdogo, mara nyingi kilo 15, basi masanduku makubwa yabaki kwa shangazi.

Saa za Unguja ziko mbele ya Stockholm kwa mbili tu wakati wa baridi, moja wakati wa kiangazi. Watoto watalala kama kawaida.

Hatua ya 5: Makaratasi

Pasipoti iwe na miezi sita mbele. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo aliyechukua uraia wa Uswidi anaingia kama mgeni, hata kama amezaliwa Mnazi Mmoja. Viza ya kawaida ni dola 50, inaombwa kwenye visa.immigration.go.tz. Omba wiki tatu nne kabla. Tovuti za matapeli zinazofanana na hiyo ni nyingi na hutoza maradufu. Tazama kama anwani inaishia na go.tz. Mwenye pasipoti ya Kenya, Uganda, Rwanda au Burundi haihitaji viza, ila ahakikishe kadi yake ya ukaazi wa Uswidi haimalizi muda akiwa ufuoni. Hilo huwakwamisha watu uwanjani wakati wa kurudi.

Tangu Oktoba 1, 2024, mgeni anayeingia Zanzibar lazima awe na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar: dola 44 kwa mtu mzima, dola 22 kwa mtoto. Bima ya safari uliyonunua Ulaya haichukui nafasi yake. Nunua kabla ya kuondoka, hifadhi nakala kwenye simu na nyingine ya karatasi.

Mzazi anayesafiri na watoto peke yake abebe barua ya ridhaa ya mwenzake na cheti cha Skatteverket (mamlaka ya kodi ya Uswidi), personbevis, kwa Kiingereza, chenye majina ya wazazi. Majina ya watoto wetu na yetu mara nyingi hayafanani, na afisa ana haki ya kuuliza.

Hatua ya 6: Afya, na hasa wewe uliyezaliwa kule

Kliniki ya chanjo uione wiki sita kabla. Watakupa chanjo ya homa ya ini aina ya A, watakuuliza juu ya homa ya matumbo. Cheti cha homa ya manjano hudaiwa kwa anayetoka nchi yenye ugonjwa huo au aliyekaa uwanja wa ndege wa nchi hiyo zaidi ya saa 12. Addis na Nairobi zimo, basi chagua muunganiko mfupi, au choma chanjo moja kwa moja: tangu 2016 cheti ni cha maisha.

Malaria imepungua mno Zanzibar, lakini haijaisha, na wewe utapita Dar, Tanga au Kigoma pia. Kinga uliyokuwa nayo utotoni imekwisha. Watoto waliozaliwa Stockholm hawakuwahi kuwa nayo. Katika nchi za Ulaya, wanaougua malaria baada ya safari wengi ni watu wa aina yetu, waliokwenda kuona ndugu wakadharau vidonge. Daktari atakuandikia, vya atovaquone na proguanil vinaanza siku moja au mbili kabla na kuendelea siku saba baada ya kurudi. Chandarua kila usiku, hata kwa bibi.

Jua nalo si mchezo. Mtoto aliyetoka kwenye mwanga wa saa sita kwa siku, tena chini ya mawingu, huungua kwa dakika chache. Saa tano hadi saa tisa akae kivulini, na aogelee na fulana. Ngozi nyeusi huungua pia.

Hatua ya 7: Pesa na chumba

Kwa shilingi unalipa daladala, sokoni na kwa mama ntilie. Kanuni za mwaka 2025 zinataka bei za ndani ya nchi ziwe kwa shilingi, hivyo ukitajiwa dola uliza ni shilingi ngapi. Mashine za kutolea pesa toa ukiwa mjini, huko vijijini ni chache. Laini ya simu sajili kwa pasipoti, weka pesa kwenye simu, na nusu ya malipo yako yatapita hapo.

Nyumba ndogo za wageni zipigie mwenyewe, kwa Kiswahili. Bei ya mtandaoni ina kamisheni ndani yake. Uliza mambo haya: umeme ukikatika kuna jenereta? Kiyoyozi kimo kwenye bei? Kodi ya serikali ya kila mtu kwa kila usiku imejumlishwa, au nitaikuta mlangoni? Ukijibiwa "usijali, ukija tutaelewana", taka ujumbe wa maandishi.

Teksi ya uwanjani patana kabla ya kupakia. "Kaka, Jambiani shilingi ngapi, sisi wanne na masanduku matatu?" Kiswahili chako kitashusha bei, si hadi ya mwenyeji, kwa sababu masanduku yako yameshaongea. Safari nyingine panda gari la abiria: namba 309 ni Jambiani, 116 ni Nungwi, na utakaa na ndoo ya samaki miguuni.

Hatua ya 8: Sanduku

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Juni 1, 2019, iache Stockholm. Nguo nyepesi za kufunika mabega na magoti kwa ajili ya Mji Mkongwe na vijijini. Nguo za kuogelea ni za ufuoni. Koti zito usilisafirishe: vaa nguo nyepesi mbili tatu chini ya jaketi linalokunjika, libaki kwenye mkoba wa mkononi. Utalihitaji Addis asubuhi, mji ule uko juu ya mita 2,300, na utalihitaji tena ukirudi.

Ukisharudi, maliza vidonge. Mmoja wenu akipata homa ndani ya miezi mitatu, usimpe dawa ya mafua na kusubiri kesho. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na neno la kwanza la kumwambia muuguzi liwe kwamba mlikuwa Tanzania, aombewe kipimo cha malaria.